Ua la Usambara na Daftari Lake

SOMO LA 14

Katika somo hili tutasoma habari za ua moja dogo la milima yetu. Ua hili liliondoka katika nchi yetu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Leo linapandwa madirishani katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Huko watu wamelizalisha mpaka likapata rangi na maumbo ambayo hayapo porini. Kila aina mpya wameipa jina, na majina hayo wameyaandika katika daftari moja kubwa.

Tutajifunza mambo matatu. Kwanza, jinsi aina mpya ya ua inavyozalishwa. Pili, jinsi aina hiyo inavyoandikishwa. Tatu, kwa nini kazi hiyo haiwezekani bila kalamu na daftari. Jambo hili la tatu linamhusu hata mkulima wa mhogo, mahindi au migomba.

1. Ua lenyewe

Ukipanda kutoka Muheza kwenda Amani, katika Usambara ya Mashariki, utaingia msitu mkubwa wenye kivuli. Kando ya mito, kwenye majabali yenye unyevu, unaweza kuuona mmea mdogo. Majani yake ni manene na yana manyoya laini. Yamejipanga duara kama sahani. Katikati ya majani hutoka maua ya rangi ya buluu iliyochanganyika na zambarau. Kila ua lina petali tano, na katikati yake vimo vifuko viwili vidogo vya rangi ya njano.

Mmea huu hauoti wenyewe kila mahali duniani. Porini unapatikana Tanzania na kusini-mashariki ya Kenya tu. Upo Usambara, Nguru na Uluguru, na pia karibu na mji wa Tanga. Katika Kenya upo kwenye vilima vya Taita. Kila mlima una aina yake. Aina nyingine ni ndogo sana, nyingine hutambaa kwenye mawe, nyingine majani yake yana manyoya mengi.

Wajerumani huliita ua hili Usambaraveilchen, maana yake urujuani wa Usambara. Kwa hiyo jina la milima yetu hutajwa kila siku katika maduka ya maua ya Ujerumani.

2. Safari ya kwenda Ulaya

Mwaka 1884 John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, alichuma mmea huu. Mwaka 1887 mmisionari W. E. Taylor naye aliuchuma. Wote wawili walipeleka mimea iliyokaushwa Uingereza. Lakini mimea hiyo haikutosha kwa wataalamu kuandika maelezo kamili. Basi ikawekwa kabatini, na ua likabaki bila jina la kitaalamu.

Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua hili. Alilikuta katika nyufa za mawe ya chokaa karibu na Tanga, na pia katika msitu wa Usambara. Akalipeleka kwa baba yake huko Ujerumani. Baba yake akalipeleka kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen katika mji wa Hannover. Wendland alilipanda, akalitazama likichanua, akapima majani yake, akahesabu petali zake. Mwaka 1893 aliandika maelezo kamili na kuyachapisha. Akaliita Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni jina la ukoo wa yule aliyelipeleka. Neno la pili maana yake ni ua kama urujuani. Mwaka huo huo liliwekwa katika maonyesho ya maua mjini Ghent, nchini Ubelgiji, na watu wengi wakalipenda.

Tangu mwaka 2015 wataalamu wameliingiza ua hili katika kundi kubwa zaidi liitwalo Streptocarpus. Lakini wakulima wengi wa maua bado wanatumia jina la zamani.

Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Wakazi wa milima ile walikuwa wakipita kando ya ua hili kabla ya wageni wote hao. Kirk na Taylor walilichuma kabla ya Saint Paul. Lakini jina lililobaki vitabuni ni la yule ambaye ua lake liliandikwa kwanza. Dunia haikuuliza nani aliona kwanza. Iliuliza nani ameandika.

3. Jani ni jambo moja, mbegu ni jambo jingine

Kabla ya kuzalisha aina mpya, lazima tujue tofauti hii.

Mkulima wa mhogo hukata kipande cha mti na kukipanda. Mhogo unaoota ni sawa na ule wa kwanza. Kama wa kwanza ulikuwa mtamu, huu nao utakuwa mtamu. Mkulima wa migomba hufanya vivyo hivyo kwa machipukizi.

Ua la Usambara nalo linaweza kupandwa hivyo, kwa kutumia jani. Unakata jani moja pamoja na kikonyo chake. Unachomeka kikonyo katika mchanga au udongo mwepesi wenye unyevu. Baada ya kama mwezi mmoja jani hutoa mizizi. Baada ya miezi miwili au mitatu vimea vidogo huchipua chini yake. Vimea hivyo hufanana na mama yao kwa rangi, kwa majani na kwa ukubwa. Hii ndiyo njia ya kuongeza idadi ya aina uliyo nayo.

Mbegu ni jambo jingine. Mbegu ina baba na mama. Watoto wa baba na mama mmoja hawafanani wote, kama ilivyo katika nyumba zetu. Mmoja ni mrefu, mwingine mfupi. Hii ndiyo njia ya kupata aina mpya.

Kwa hiyo kumbuka: mbegu huleta aina mpya, jani huitunza.

4. Kazi ya kuzalisha

Kazi hii haihitaji mashine. Inahitaji mkono mwepesi, macho mazuri na uvumilivu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua wazazi. Mzalishaji hujiuliza: Ninataka nini? Kama anataka mmea mdogo, humchukua mzazi mdogo. Kama anataka mmea wa kutundika, humchukua mzazi anayetambaa. Wazalishaji wa Ulaya na Marekani walirudi kwenye mimea ya porini kutafuta sifa kama hizo. Aina moja ndogo ya Shume, katika Usambara ya Magharibi, ilisaidia kupata mimea midogo ya kupanda katika kikombe. Aina nyingine za Usambara zinazotambaa zilisaidia kupata mimea yenye matawi marefu yanayoning'inia.

Hatua ya pili ni kuchukua chavua. Chavua ni unga wa kiume wa ua. Katika ua hili chavua imefungwa ndani ya vile vifuko viwili vya njano. Porini nyuki huitikisa mpaka itoke. Nyumbani, mzalishaji hupasua kifuko kwa sindano safi na kuumwaga unga juu ya kipande cha karatasi au juu ya ukucha.

Hatua ya tatu ni kupandisha. Katikati ya ua la mama kipo kijiti chembamba kilichosimama. Hicho ndicho kiungo cha kike. Mzalishaji hugusisha chavua kwenye ncha ya kijiti hicho. Kisha hufunga kipande cha uzi kwenye kikonyo cha ua, na kwenye uzi hutundika kikaratasi. Juu ya kikaratasi huandika jina la mama, jina la baba na tarehe. Maneno hayo hayo huyaandika pia katika daftari, maana kikaratasi huweza kulowa au kupotea.

Hatua ya nne ni kungoja. Kama kazi imefanikiwa, petali hudondoka na kifuko cha mbegu huanza kuvimba. Huchukua miezi kama mitano au sita kuiva. Kikikauka na kuwa rangi ya kahawia, hukatwa na kupasuliwa juu ya karatasi nyeupe. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Ukipiga chafya umezipoteza.

Hatua ya tano ni kupanda. Mbegu hunyunyizwa juu ya udongo laini wenye unyevu. Hazifukiwi, kwa sababu zinahitaji mwanga. Chombo hufunikwa kwa kioo au nailoni ili unyevu usitoke. Baada ya wiki mbili au tatu vidoto vya kijani huonekana. Vikikua huhamishwa kimoja kimoja. Kabla ya mwaka kwisha, mimea huanza kutoa maua. Hapo ndipo mzalishaji huona amepata nini.

5. Hesabu ya rangi

Tuchukue mfano. Mzalishaji ana mmea wa maua ya buluu, rangi ile ya porini. Ana mmea mwingine wa maua ya waridi. Anaipandisha pamoja. Watoto wanachanua. Wote ni buluu! Mtu asiyejua atasema, "Kazi bure," na kuwatupa.

Lakini rangi ya waridi haikupotea. Imejificha. Rangi ya buluu ina nguvu kuliko waridi, kwa hiyo inaifunika. Mzalishaji mwenye subira huchukua watoto wawili wa buluu na kuwapandisha wao kwa wao. Wajukuu wanapochanua, karibu mmoja katika kila wanne huwa wa waridi.

Tufanye hesabu. Kama wajukuu ni 40, tunatazamia wa buluu kama 30 na wa waridi kama 10. Inaweza kuwa 32 na 8, au 28 na 12. Lakini wastani ni huo.

Sasa tujiulize. Mzalishaji atajuaje kwamba mmea huu wa buluu una waridi iliyojificha ndani yake? Kwa macho hawezi kujua. Mmea wenye siri hiyo na mmea usio nayo hufanana kabisa. Atajua kwa kufungua daftari lake tu. Daftari litamwambia, "Mama buluu, baba waridi."

6. Kuchagua na kutupa

Watu wengi hufikiri kwamba kazi ngumu ni kupandisha maua. Sivyo. Kazi ngumu ni kutupa.

Katika miaka ya 1920 bustani moja ya Los Angeles, Marekani, iitwayo Armacost and Royston, iliagiza mbegu za ua hili kutoka Ujerumani na Uingereza. Wakapata mimea kama 1,000. Waliitazama kwa makini, wakaacha mingi na kubakiza michache. Mwishowe walichagua 10 tu. Yaani katika kila mimea 100, walichukua mmoja. Kila mmoja wa ile 10 ulipewa jina lake. Mmoja uliitwa 'Blue Boy', maana yake mvulana wa buluu. Mimea hiyo 10 ndiyo babu na bibi wa aina nyingi zinazouzwa leo.

Wakati mwingine aina mpya huja yenyewe. Mmea mmoja hubadilika ghafla, tawi moja au mtoto mmoja wa jani akawa tofauti na wenzake. 'Blue Boy' ulifanya hivyo. Katika watoto wake walitokea wenye maua ya petali nyingi, yaliyojaa kama waridi. Mkulima mzembe angesema ni ugonjwa. Mkulima mwangalifu aliutenga mmea ule, akaandika tarehe, akapanda majani yake.

7. Kuandikisha aina mpya

Katika mwaka 1946 wapenzi wa ua hili huko Marekani waliunda chama chao. Wakati huo matatizo yalikuwa mengi. Muuzaji mmoja alikuwa na mmea wa jina fulani. Muuzaji wa mji mwingine alikuwa na mmea tofauti kabisa wa jina hilo hilo. Na mara nyingine mmea mmoja ulikuwa na majina matatu. Mnunuzi alilipa fedha yake, akangoja mmea uchanue, akakuta sicho alichokitaka.

Jambo hili tunalijua hata sisi. Mhogo mmoja una jina hili katika kijiji hiki, na jina jingine ng'ambo ya mto. Ukienda kuomba mbegu unaweza kupewa mhogo mchungu badala ya mtamu.

Basi chama kile kilianza kuweka daftari la majina. Mpaka leo chama hicho ndicho kinachoandikisha majina ya aina za ua hili zinazozalishwa popote duniani. Maelfu ya aina yamekwisha kuandikishwa.

Ukitaka kuandikisha aina mpya, unatakiwa kutimiza mambo haya:

(a) Aina iwe imetulia. Lazima uipande kwa jani, kisha uchukue jani la mtoto, kisha jani la mjukuu. Vizazi vitatu. Kama vyote vinafanana na mmea wa kwanza, aina imetulia. Kama mjukuu amerudi kwenye rangi ya zamani, aina bado.

(b) Jina liwe jipya. Jina lililokwisha kutumiwa kwa ua la aina hii haliwezi kutumiwa tena. Kwa sheria za kimataifa jina la aina iliyozalishwa huandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni na kufungwa kwa alama moja moja, hivi: 'Blue Boy'. Tangu mwaka 1959 jina jipya lisiwe la Kilatini. Linaweza kuwa la lugha yoyote inayosemwa, hata Kiswahili. Na jina lisijisifu mno. Huwezi kuita ua lako "Bora Kuliko Yote".

(c) Maelezo yawe kamili. Fomu huuliza: Ua lina petali za safu moja au limejaa? Rangi yake ni gani? Ukingo wake una rangi nyingine? Jani ni la mviringo au limechongoka? Lina mawimbi? Mmea una upana gani?

Upana hupimwa kwa rula, kutoka ncha ya jani la upande mmoja mpaka ncha ya jani la upande wa pili. Mmea usiozidi inchi 6, yaani kama sentimita 15, huitwa mdogo sana. Wa kati ya inchi 6 na 8 huitwa mdogo kiasi. Unaozidi inchi 8 huitwa wa kawaida. Huwezi kuandika tu "mdogo kidogo", kwa sababu kidogo cha mtu mmoja si kidogo cha mwingine. Lakini inchi 6 ni inchi 6 kila mahali.

(d) Jina la mzalishaji liandikwe, ili ijulikane kazi ni ya nani.

Sasa tuhesabu muda. Kutoka kupandisha hadi mbegu kuiva ni kama miezi 6. Kutoka mbegu hadi ua ni kama miezi 9. Jumla ni miezi 15. Kama unatafuta rangi iliyojificha lazima urudie mara mbili: 15 x 2 = 30. Kisha vizazi vitatu vya jani, kila kimoja kama miezi 8: 8 x 3 = 24. Jumla yote ni miezi 54, yaani miaka minne na nusu. Nani anaweza kukumbuka kichwani mambo ya miaka minne na nusu, tena ya mimea mia mbili? Hakuna.

8. Mama wawili wenye maua

Tuseme wapo mama wawili wanaouza maua sokoni. Wote wawili wamepata, kwa bahati, mmea wenye maua meupe yenye ukingo wa zambarau. Wateja wanauliza sana.

Mama wa kwanza hana daftari. Huuza mmea ule bila kutoa majani ya kupanda, kwa sababu amesahau ni kopo lipi. Mvua inaponyesha sana, mimea iliyobaki inaoza. Mwaka unaofuata mteja anakuja na kusema, "Mama, nataka lile ua jeupe lenye ukingo." Mama anajibu, "Mwanangu, lilikuwapo, sasa halipo." Hajui hata lilitoka kwa wazazi gani. Hawezi kulizalisha tena.

Mama wa pili ana daftari la shilingi chache. Ameandika: "Kopo namba 7. Mama: jeupe la dirishani. Baba: zambarau la jirani. Ua la kwanza: tarehe 3 Mei. Upana: inchi 9. Majani matano yamepandwa." Na kwa kuwa ni mwangalifu, amempa dada yake wa kijiji kingine mmea mmoja autunze. Mvua ile ile ikaozesha makopo yake. Lakini akaenda kwa dada yake akachukua majani, akaanza tena.

Mikono ya mama hawa wawili ni sawa. Bahati yao ni sawa. Daftari ndilo lililowatofautisha.

9. Kuandikisha jina si kumiliki mmea

Hapa watu wengi hukosea, kwa hiyo tusome polepole.

Ukiandikisha jina katika daftari la chama, umelinda jina. Hakuna atakayeandikisha ua jingine kwa jina hilo. Lakini hujapata haki ya kumzuia mtu kupanda majani ya ua lako na kuyauza.

Haki ya namna hiyo hutolewa na serikali kwa sheria. Upo mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 unaohusu haki za wazalishaji wa aina mpya za mimea. Kenya iliingia katika mkataba huo mwaka 1999. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2012 na kuingia katika mkataba mwaka 2015. Ili kupata haki hiyo, aina lazima iwe mpya, iwe tofauti na zilizopo, mimea yake ifanane, na sifa zake zidumu kizazi hata kizazi. Lazima pia iwe na jina. Mtaalamu huipanda na kuichunguza kabla ya kutoa haki. Ni kazi ya muda, na ina gharama.

Basi usikubali mtu akuambie, "Nipe fedha nikuandikishie jina, mmea utakuwa mali yako peke yako." Muulize: Unaandikisha jina, au unaomba haki ya mzalishaji? Mwambie akuonyeshe maandishi. Wewe sasa unajua kusoma. Soma kwanza, ndipo utie sahihi.

10. Wazazi wako msituni

Maelfu ya aina zinazouzwa duniani zilitokana na mimea michache iliyotoka katika milima yetu. Lakini mimea ya porini haikupelekwa yote. Bado msituni zimo sifa ambazo wazalishaji wanaweza kuzihitaji kesho: uwezo wa kuvumilia baridi ya mlimani, au joto la mwambao, au ukame kwenye nyufa za mawe.

Mimea hii inahitaji kivuli na unyevu. Msitu ukikatwa, jua hupiga majabali, mawe hukauka, na mmea hufa. Na kwa kuwa aina nyingine huota katika mlima mmoja tu, msitu mmoja ukiisha, aina hiyo imekwisha duniani. Hakuna daftari linaloweza kuirudisha. Daftari hutunza jina na maelezo. Uhai hutunzwa na msitu.

Kwa hiyo misitu kama ile ya Amani, iliyofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ni ghala letu la mbegu. Usiingie hifadhini kung'oa mimea. Ni kosa kwa sheria, tena ni hasara, maana mmea ung'olewao jabalini mara nyingi hufa njiani. Mtu akija kutoka mbali na kukuomba umchumie mimea, mpeleke kwa viongozi wa kijiji na wa hifadhi. Aonyeshe kibali chake.

Mwaka 1892 ua hili liliondoka bila wenyeji kuulizwa. Mwaka 1992, miaka mia moja baadaye, mataifa yalikubaliana katika mkataba kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mimea na wanyama wake wa asili. Anayetaka kuvitumia aombe idhini, na faida igawanywe kwa haki. Mkataba huo ni maandishi. Utamsaidia yule anayeujua.

MUHTASARI

Mbegu huleta aina mpya, jani huitunza. Aina mpya huchaguliwa kwa subira, na nyingi hutupwa. Aina iliyotulia hupewa jina na kuandikishwa pamoja na maelezo yake. Kuandikisha jina si sawa na kupata haki ya kumiliki. Wazazi wa maua yote haya wako katika misitu yetu. Na kazi yote, tangu mwanzo hadi mwisho, husimama juu ya daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MANENO YA KUKUMBUKA

Chavua: unga wa kiume wa ua.
Kupandisha: kutia chavua ya ua moja kwenye ua jingine.
Kizazi: watoto wa wazazi wamoja, kisha wajukuu, na kuendelea.
Aina iliyotulia: aina isiyobadilika kila inapopandwa kwa jani.
Kuandikisha: kuingiza jina na maelezo katika daftari rasmi.
Kibali: ruhusa iliyoandikwa.

MASWALI

1. Ua la Usambara huota porini katika nchi zipi mbili?
2. Kwa nini mimea iliyochumwa na Kirk na Taylor haikupewa jina la kitaalamu?
3. Eleza tofauti kati ya kupanda jani na kupanda mbegu.
4. Mzalishaji amepata wajukuu 60 wa maua ya buluu yenye waridi iliyojificha. Wangapi anatazamia wawe wa waridi?
5. Kwa nini aina mpya hupandwa kwa jani vizazi vitatu kabla ya kuandikishwa?
6. Mtu ameandikisha jina la ua lake. Je, anaweza kumzuia jirani kupanda majani yake? Eleza.
7. Msitu ukikatwa, ua hili hupatwa na nini?

KAZI YA KUFANYA

Chagua zao moja shambani kwako: mhogo, mgomba, maharage au kunde. Katika daftari lako andika mambo haya: jina mnaloliita hapa kijijini; jina linaloitwa kijiji cha jirani; mbegu ulipata kwa nani na mwaka gani; majani yake yakoje; huchukua miezi mingapi kukomaa; ladha yake ikoje. Pima kwa rula au kwa futi, usikisie. Lete daftari darasani. Wenzako wasome maelezo yako, kisha waende shambani kwako na kuutafuta mmea huo bila kuonyeshwa. Wakiupata, umeandika vizuri.